Hongo ya Njia Isirudi Majumbani Mwetu

Mji wa Tabora ni mtoto wa njia. Kabla ya reli ya kati kuufikia mwaka 1912, na kabla ya Wajerumani kuinua boma lao juu ya kilima, mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji au ikageuka kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba begani mzigo wa frasila mbili hivi kwa safari ya miezi kama mitatu kutoka pwani. Kila msafara ulipoingia katika nchi ya mtawala mwingine ulisimamishwa, ukafungua mizigo, ukalipa hongo. Siku hizi neno hilo tunalitumia kwa maana ya rushwa. Wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo za merikani, ushanga na nyaya za shaba. Asiyelipa hakupita.

Leo njia ile ile inapitisha habari. Mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umeivuta intaneti kutoka pwani hadi mikoa ya magharibi. Barua iliyobebwa begani kwa miezi mitatu sasa inafika kabla msomaji hajafumba na kufumbua. Lakini hongo haikufutika. Imeondoka njiani ikahamia sebuleni kwa mwalimu na karani, ikajibanza ndani ya kisanduku kidogo chenye taa za kumetameta kiitwacho ruta, yaani kile kifaa kinachopokea intaneti na kuigawa kwa simu na kompyuta za nyumba nzima kwa mawimbi ya waifai.

Tuseme wazi tangu mwanzo ili tusije tukaeleweka vibaya. Ruta ambayo mwananchi ameilipia kwa fedha yake halali, kisha ikakataa kupokea laini ya kampuni nyingine, inamtoza mwananchi huyo hongo ya njia. Mtumishi wa umma anapaswa kuikataa dukani, na mamlaka zinazohusika zinapaswa kuikomesha.

Wapo watakaouliza kama ruta ni jambo la kustahili makala katika ukurasa huu. Watadai kwamba hiyo ni anasa ya wenye nacho, na kwamba mwalimu ana shida kubwa zaidi za kuzungumziwa. Wanaosema hivyo hawajatazama jinsi kazi ya umma inavyofanyika sasa. Tangu mwaka 2023 mfumo wa PEPMIS ulipochukua nafasi ya OPRAS, mtumishi anatakiwa kujaza malengo na utekelezaji wake mtandaoni. Maombi ya likizo na uhamisho yanapita katika mfumo wa kompyuta. Vitabu vya kiada vinapatikana katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mwalimu mwenye bidii huvisoma huko pale nakala za shule zinapokuwa chache. Wajibu huo wote umewekwa mabegani mwake, lakini bando la kuutekelezea mara nyingi analitoa mfukoni mwake mwenyewe. Kifaa ambacho bila hicho kazi ya mwajiri haifanyiki hakiwezi kuitwa anasa. Ni zana ya kazi, kama lilivyo jembe kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo, na zana ya kazi ina haki ya kujadiliwa kwa uzito.

Kwa kuwa tumeanza na njia ya misafara, na tuchukue kwake somo moja. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita hapa, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871 wakiwa miongoni mwao, waliandika kwa uchungu juu ya tatizo la ushanga. Ushanga ulikuwa fedha ya njiani, lakini haukuwa fedha moja. Rangi iliyopendwa katika nchi hii ilidharauliwa katika nchi ya jirani, na msafara uliobeba ushanga usiotakiwa uliweza kulala na njaa hali mizigo imejaa. Kwa sababu hiyo kiongozi mwenye busara hakununua ushanga kwa kuvutiwa na mng'aro wake. Aliuliza kwanza: njia yetu inapita kwa nani, na huko kunapokewa nini?

Swali hilo ndilo wanunuzi wengi wa ruta hawaulizi. Wanaingia dukani, wanaona sanduku lenye picha ya antena sita na tarakimu kubwa, na wanatoka wakiwa wamekopa. Hii ni kasumba ya kupenda makuu, na wafanyabiashara wameigeuza kuwa shamba lao.

Hebu tuzichambue tarakimu zenyewe. Ruta inaandikwa AC1200, na mnunuzi anaelezwa kwamba hiyo ndiyo kasi yake, megabiti 1200 kwa sekunde. Ukweli ni kwamba ruta hiyo ina masafa mawili. Katika masafa ya gigahezi 2.4 kikomo chake cha kinadharia ni megabiti 300, na katika masafa ya gigahezi 5 ni megabiti 867. Muuzaji amezijumlisha mbili hizo, akakuza jumla mpaka tarakimu ya kupendeza, ingawa simu ya kawaida hutumia masafa moja tu kwa wakati mmoja. Ile iitwayo AX3000 imepikwa kwa kanuni hiyo hiyo: 574 na 2402 zikajumlishwa na kukuzwa. Tena hizo zote ni kasi za maabara kati ya ruta na simu iliyo karibu nayo. Hazisemi lolote kuhusu kasi ya intaneti inayoingia nyumbani.

Kinachoingia nyumbani kinaamuliwa na mnara na bando. Ruta nyingi za laini za bei nafuu hupokea 4G kwa kikomo cha megabiti 150 kwa sekunde, na hata kikomo hicho hakifikiwi, kwa sababu mnara mmoja unawagawia watu wote waliouzunguka. Jioni mtaa mzima unapokuwa mtandaoni, mtu hushukuru akipata megabiti 10. Sasa mwenye megabiti 10 anayenunua ruta ya megabiti 3000 amefanya nini? Amefunga bomba la inchi sita kwenye mfereji wa nusu inchi, kisha anashangaa maji hayaongezeki. Vivyo hivyo kwa ruta ya 5G. Kama mtaani kwako hakuna mnara wa 5G, umelipia mlango wa nyumba ambayo haijajengwa.

Aidha, kasi kubwa ina njaa kubwa. Picha za video zenye ubora wa juu hutumia takriban megabiti 5 kwa sekunde, na hiyo ni sawa na gigabaiti 2 na robo kwa saa moja. Bando la gigabaiti 20 linakwisha kabla ya saa tisa za kutazama. Jambo baya zaidi ni kwamba simu zikiona waifai hudhani intaneti ni ya bure, zikaanza kupakua masasisho ya programu bila kumuuliza mwenyewe. Familia inalala, simu nne zinakula bando usiku kucha, na asubuhi baba anailaumu kampuni. Dawa yake haina gharama yoyote: katika kila simu na kompyuta waifai ya nyumbani iwekwe kama mtandao wenye kipimo, na masasisho ya kujiendesha yazimwe. Ruta inayoweza kuonyesha kila kifaa kimetumia kiasi gani inamfaa mwalimu kuliko yenye antena sita.

Tarakimu za uongo humla mnunuzi mara moja. Kufuli humla kila mwezi, na hapo ndipo penye dhuluma yenyewe.

Ruta ya laini iliyofungwa ina maagizo ndani yake yanayosoma laini iliyotiwa. Ikikuta laini ya kampuni iliyoiuza, inafanya kazi. Ikikuta laini ya kampuni nyingine, inagoma. Msomaji azingatie kwamba hapa hapajakosekana kipuri wala uwezo. Redio iliyomo mara nyingi inaweza kusikia minara ya kampuni nyingine pia, lakini imeamriwa kujifanya kiziwi. Ni amri ya programu, na kilichofungwa kwa programu hufunguliwa kwa programu. Mnunuzi amelipa bei ya kifaa kizima, akakabidhiwa nusu.

Madhara yake humwangukia hasa mtumishi wa umma, kwa sababu mtumishi wa umma huhamishwa. Mwalimu aliyekuwa Tabora mjini anapangiwa shule ya kata huko Kaliua, Sikonge au Uyui. Anafungasha vitanda, vyombo na ruta yake. Anafika, anakuta mnara ulio karibu na shule ni wa kampuni nyingine, na ule wa kampuni yake hausikiki mpaka mtu apande kichuguu. Ruta aliyoilipia kwa mshahara wa miezi kadhaa imekuwa pambo la meza. Huo ndio ushanga usiopokewa wa zama zetu, ila ushanga ulikataliwa na mnunuzi mwenye ladha yake, na ruta hii inakataliwa na aliyeiuza.

Hali hii inapingana na msimamo ambao taifa limekwisha kuuchukua. Mwaka 2017 Tanzania ilianzisha utaratibu wa mteja kuhama kampuni ya simu bila kupoteza namba yake. Maana ya utaratibu ule ilikuwa kwamba mteja si mfugo wa kampuni. Huduma ikimchukiza, anaondoka na namba yake. Yawezekanaje basi aruhusiwe kuondoka na namba, hali kifaa alichokinunua kinabaki kimefungwa kamba kwenye nguzo ya kampuni aliyoiacha? Haki iliyotolewa kwa mkono wa kulia inanyang'anywa kwa mkono wa kushoto.

Watetezi wa kufuli wana hoja zao, na haifai kuzipuuza. Wa kwanza husema kwamba kampuni huuza ruta kwa bei ya chini kuliko gharama, ikitegemea kurudisha fedha kwa bando, hivyo bila kufuli itapata hasara. Hoja hii ina ukweli kiasi, na jibu lake ni rahisi. Kama ni mkopo, na uitwe mkopo. Uandikwe katika mkataba wa Kiswahili kinachosomeka: bei kamili ya kifaa ni hii, punguzo ni hili, na kufuli litaondolewa tarehe fulani au deni litakapokwisha. Anayekopesha kwa haki hana sababu ya kuficha deni, na deni lisilo na siku ya kwisha ni utumwa mdogo.

Wa pili husema kwamba soko ni huru na mteja hakulazimishwa. Lakini uhuru wa kuchagua unahitaji kujua unachochagua. Mnunuzi ambaye hugundua kufuli siku anapobadilisha laini hakuchagua kufuli, alichaguliwa nalo. Wala haisaidii kusema kwamba wapo mafundi wa mitaani wanaofungua. Fundi huyo hupakia ndani ya ruta programu ambayo asili yake haijulikani, na kupitia ruta hiyo hiyo mtumishi ataingiza nywila ya mfumo wa serikali na ya benki yake. Kumlazimisha mwananchi kuchukua hatari hiyo ili atumie mali yake mwenyewe ni jambo la aibu.

Wa tatu husema ruta haihitajiki kabisa, kwani simu inaweza kugawa intaneti. Huyu ana haki kuliko wenzake wote. Mtu anayeishi peke yake, mwenye simu nzuri na kompyuta moja, asinunue ruta. Atumie simu yake na abaki na fedha zake. Ruta inaanza kuwa na maana pale nyumba inapokuwa na watoto wanaosoma, au walimu kadhaa wanapoishi katika nyumba za shule, na mwenye simu akitoka wote wanakatika.

Nchi nyingine zimekwisha kuliamua jambo hili. Ujerumani, iliyojenga boma la hapa Tabora kwa jasho la watu wengine, iliona mwaka 2016 kwamba raia wake wasilazimishwe kutumia ruta ya kampuni inayowauzia intaneti, ikaweka sheria ya kumpa mteja uhuru wa kuchagua kifaa chake. Kanada iliagiza kuanzia Desemba 2017 simu na vifaa vipya vya mtandao viuzwe bila kufuli. Uingereza ilikataza kampuni za simu kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Mabepari wa nchi hizo hawakufilisika. Haki iliyomstahili mwalimu wa Munich inamstahili na mwalimu wa Nzega.

Mpaka sheria ya namna hiyo ipatikane kwetu, mnunuzi ajilinde mwenyewe. Kwanza, ahakikishe ruta iko wazi. Aende dukani na laini mbili za kampuni tofauti, atie moja baada ya nyingine mbele ya muuzaji, na asitoe shilingi kabla zote mbili hazijaleta intaneti. Muuzaji akikataa jaribio hilo, amekwisha kujibu. Kabla ya kwenda huko, awaulize majirani ni kampuni gani inayoshika vizuri mtaani kwao saa mbili usiku, maana mnara ulio karibu una thamani kuliko tangazo.

Pili, achague ruta yenye tundu la laini na pia tundu la kupokea waya wa intaneti kutoka nje. Leo atatumia laini. Siku faiba itakapofika mtaani kwake atachomeka waya huo bila kununua ruta nyingine. Anayekaa kijijini mbali na mnara aongeze sharti la matundu ya kufungia antena ya nje. Antena iliyoinuliwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara inaweza kufanya kazi ambayo ruta ya bei kubwa iliyofungiwa ndani haiwezi.

Tatu, masafa mawili, gigahezi 2.4 na 5, yanatosha kabisa katika ruta ya kizazi cha tano cha waifai, na nyumba ndogo inaweza kuridhika hata na kizazi cha nne. Masafa ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 yana kasi zaidi lakini huchoka mapema, hasa mbele ya kuta nene za matofali. Kwa hiyo ruta iwekwe katikati ya nyumba na mahali pa juu, isifichwe kabatini wala nyuma ya jokofu. Kuihamisha ruta hatua tano hakuna gharama, na mara nyingi kunaleta nafuu kuliko kununua mpya.

Nne, usalama. Ruta iwe na ulinzi wa WPA2 kwa uchache, na WPA3 ikiwezekana; na siku ya kwanza nywila ya kiwandani ibadilishwe. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilivamia kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha, kisha ikavitumia vifaa hivyo kuangusha tovuti kubwa. Vilevile kifaa kiwe kimeidhinishwa na TCRA. Mwaka huo huo wa 2016 Mamlaka ilizima simu zenye namba tambulishi bandia, na waliokimbilia rahisi walibaki na plastiki mikononi.

Tano, umeme. Ruta nyingi ndogo hutumia volti 12 na wati zisizozidi kama 12. Betri ndogo ya akiba ya volti hizo inaweza kuibeba kwa saa kadhaa umeme unapokatika, jambo ambalo ruta kubwa ya kifahari haivumilii.

Lakini tusimwachie mwananchi mmoja mmoja mzigo wa kupigana na kampuni. Wakulima wa tumbaku wa mkoa huu hununua pembejeo kwa pamoja kupitia vyama vyao vya msingi, kwa sababu wanajua kwamba anayenunua mfuko mmoja hana sauti. Walimu nao wana SACCOS. Kwa nini zitoe mikopo ya kununulia ruta moja moja, badala ya kukusanya mahitaji ya wanachama mia, kuandika masharti, kutaka vifaa vilivyo wazi, na kuzungumza na muuzaji kwa sauti moja? Wakurugenzi wa halmashauri nao waangalie: mwajiri anayemtaka mtumishi ajaze mfumo mtandaoni aweke walau ruta moja yenye bando katika ofisi ya walimu, kama anavyoweka chaki na daftari la mahudhurio.

Kwa TCRA na Tume ya Ushindani tunasema machache. Kila ruta inayouzwa nchini iandikwe nje ya sanduku, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kama imefungwa au iko wazi. Iliyofungwa kwa sababu ya mkopo ifunguliwe bure deni likiisha. Iliyolipiwa bei kamili isifungwe kamwe. Hakuna moja kati ya hayo linalohitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka ng'ambo.

Watawala waliotoza hongo katika njia ya misafara waliweza angalau kusema kwamba msafara ulikunywa maji ya visima vyao na kupita salama katika mbuga zao. Kufuli la ruta halichimbi kisima wala halilindi njia. Njia ya leo imejengwa kwa fedha za umma, na watumishi wa Tabora, kama walivyo watumishi wengine wa nchi hii, wamekwisha kuilipia kwa kodi yao. Wapite.